Baina ya Kufuta na Kusuta

Kuna chombo ambacho mwenye kukimiliki huona taabu kumweleza asiyekuwa nacho, kwani kazi yake ni kupitisha tu. Mafundi hukiita priamplifaya. Hakiimbi, hakisemi, wala hakishiki stesheni. Ukikiwasha peke yake, bila ya amplifaya yenye nguvu mbele yake na spika mwisho wa njia, kitakaa kimya usiku kucha huku kikila umeme. Mke wangu, ambaye ana haki ya kutoa neno kwa kuwa ndiye aliyekifungua katika boksi, alikitazama, akavigusa vifundo vyake kimoja kimoja, kisha akaniuliza, "Mwalimu, sasa hii inafanya nini?" Nikamweleza kwa dakika 20. Alipokwisha kunisikiliza akakipa jina, "bubu wa Maskati", na hilo ndilo jina linalotumika nyumbani hadi leo. Wajukuu hawajui jingine.

Nyumba yetu ipo Usagara, hapa mjini Tanga. Nilifundisha fizikia hadi kustaafu, na nilipostaafu nikapata kiinua mgongo kama wanavyopata wenzangu. Jirani yangu, aliyeacha kazi mwaka ule ule, alinunua bajaji, na bajaji hiyo inamlisha. Mimi theluthi ya fedha zangu niliipeleka kwa binamu yangu aliye Maskati, ambaye alikuwa amepata, kwa mhandisi mmoja Mwingereza aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao, priamplifaya aina ya Marantz 7. Bei niliyofanyiwa ilikuwa bei ya udugu, kwani huko sokoni watu hulipa maelfu ya dola kwa chombo hicho. Nilikwenda mwenyewe kukichukua. Nilikipakata katika ndege hadi Unguja, nikakipakata katika boti hadi Dar es Salaam, na katika basi, kupitia Chalinze na Segera, kilikaa mapajani mwangu kama mtoto mwenye homa, kondakta akitaka nikitie kwenye buti nami nikikataa.

Msomaji aliyezoea kukuta mashairi katika kurasa hizi atauliza chombo cha umeme kimeingiaje humu. Namwomba anivumilie. Tutafika kwenye ubeti, na tukifika tutakwama katika herufi moja.

Santuri si sauti iliyogandishwa kama ilivyotoka kinywani. Sauti nene ikichorwa kwa ukubwa wake wa asili, mfereji wa santuri hupinda mno, ukagusana na mfereji wa jirani, na sindano ikaruka. Sauti nyembamba nazo zikichorwa kwa udogo wake wa asili humezwa na mkwaruzo wa sahani yenyewe. Kwa hiyo mwenye kuchora santuri huzipunguza kwa makusudi sauti nene na kuzikuza sauti nyembamba, na kila ukielekea katika ncha mbili za masikio ya binadamu, kupunguza huko na kukuza huko hukaribia mara 10. Atakayeicheza santuri hiyo lazima awe na chombo kinachojua hila hiyo, kizirudishe nene katika unene wake na nyembamba katika wembamba wake. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya priamplifaya. Kazi ya pili ni kuikuza sauti hiyo, maana inayotoka kwenye sindano ya kawaida ni milivolti 5 tu au pungufu, kitu kidogo kiasi kwamba waya mbovu wa urefu wa mkono waweza kuimeza, na amplifaya hudai volti nzima ndipo iamke.

Wazee wetu walioandika tenzi kwa hati za Kiarabu wangelielewa jambo hili bila ya mwalimu wa fizikia. Katika hati zile i na e huandikwa kwa alama moja, na u na o vivyo hivyo. Mb aghalabu huandikwa b peke yake. Mwandishi hakukosea, alijua kwamba msomaji wake ni Mswahili na atayarudisha maneno mahali pake. Ukimpa utenzi ule Mwarabu wa Basra, herufi zote atazisoma na asiambulie kitu. Santuri iliyochezwa bila ya priamplifaya ndivyo inavyosikika, kwani herufi zipo, lakini msomaji si mwenyewe.

Hadi katikati ya karne iliyopita kila kampuni ya santuri ilikuwa na mizani yake ya kupunguza na kukuza. Ilikuwa ni mwaka 1954 ndipo chama cha kampuni za santuri za Marekani kilipoweka kipimo kimoja, na polepole dunia ikakifuata. Kabla ya hapo mpenzi wa muziki alikuwa kama mtu mwenye maktaba ya hati za mataifa kumi na macho ya taifa moja. Saul Marantz, mkazi wa New York, alichoshwa na taabu hiyo, akakaa nyumbani kwake akatengeneza chombo cha kuzisoma hati zote. Hicho ndicho kilichokuwa mwanzo wa kampuni yake. Hii 7 yangu ni mjukuu wa chombo kile, na ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndani yake mna valvu 6, zile taa za kioo za redio za zamani, na usoni kwake, katika bamba la rangi ya dhahabu iliyopauka, mna kiswichi chenye pande tatu, upande wa santuri ndefu za zamani za Columbia, upande wa kipimo cha 1954, na upande wa santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika.

Upande huo wa 78 siutumii sana. Santuri za namna hiyo ninazo nne, mbili zina nyufa, na zinataka sindano yake pana zaidi. Lakini kila ninapokigeuza kiswichi kile humkumbuka Siti binti Saad, aliyevuka bahari mwaka 1928 hadi Bombay kwenda kutia sauti yake katika santuri za HMV. Nasikia watu wakisema kwamba sauti ya Siti ilikuwa nyembamba na ya puani. Nami huwauliza wameisikia kwa chombo gani. Santuri ya mwaka 1928 ikipitishwa katika kipimo cha 1954 huvimba chini na kufifia juu, na wa kulaumiwa akawa marehemu.

Kuhusu matunzo sitasema mengi, ila kwamba Tanga si pahala palipofikiriwa na aliyekibuni. Chombo hiki ni cha Marekani, kinataka volti 117, nasi tuna 230, kwa hiyo chini ya meza kuna transfoma ya kushusha umeme, na nyuma ya transfoma kuna stabilaiza, na stabilaiza ikianza kubofya kama mjusi ukutani mimi huzima kila kitu, hata mwimbaji awe katikati ya neno. Chumvi ya bahari huingia hata katika nyumba zisizoiona bahari. Wakati wa masika hukiwasha kila siku nusu saa, nitake muziki nisitake, ili joto la valvu zile lifukuze unyevu. Fundi wangu wa Ngamiani, kijana wa simu na runinga, alipokifungua mara ya kwanza alikaa akikitazama bila ya kugusa. Kila waya umelehemiwa kwa mkono. Aliniambia, "Mzee, aliyefanya hii hakuwa na haraka."

Sasa nije kwenye ubeti.

Mji huu una deni lake katika taarabu, na deni hilo halilipwi ipasavyo. Wakati Unguja ikijivunia vinanda na fidla za vikundi vikubwa vya akina Ikhwani Safaa, vijana wa Tanga walichukua magitaa ya umeme, besi na ngoma chache, wakaifanya taarabu iwe nyepesi, yenye kwenda kwa miguu. Black Star na Lucky Star ndiyo majina yaliyovuka mipaka, na sauti ya Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, ilipita katika vilabu hivyo vyote viwili. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilizikusanya baadhi ya nyimbo zao katika albamu iliyoitwa Nyota. Santuri zetu hazikuchapwa hapa nchini. Nyingi zilitoka Kenya, na kwa mtu wa Tanga duka la santuri la karibu kwa maana halisi lilikuwa Mombasa, mwendo wa kupitia Horohoro. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, na haukufunguliwa hadi 1983, santuri zikawa adimu na kanda zikachukua nafasi yake. Kanda ilitolewa nakala, nakala ikatolewa nakala, na kila nakala ilimega kitu juu kabisa ya sauti, pale ambapo msikilizaji hakujua kwamba pana kitu.

Katika miaka ile kabla ya mpaka kufungwa palitoka wimbo mmoja wa klabu ya hapa. Jina lake nitalihifadhi, la klabu na la mwimbaji pia, kwani waliohusika wana watoto, nami ni mmoja wao. Katika ubeti wa tatu wa wimbo huo kuna kitendo kimoja. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa akisema kitendo hicho ni kufuta. Mama yangu alikuwa akisema ni kusuta. Vina havisaidii, kwani neno lenyewe halipo mwisho wa kipande. Mizani haisaidii, kwani yote mawili yana silabi sawasawa. Na ubeti, kama ilivyo desturi ya mafumbo yetu, hausemi amefutwa nini wala amesutwa kwa lipi. Mshairi aliyebanwa na mizani aweza kuyaacha machozi yajulikane yenyewe, na aweza vilevile kuliacha kosa lijulikane na mwenye kosa.

Mwaka 1973 palikuwa na arusi Ngamiani, na klabu ile ikapiga. Ulipofika ubeti wa tatu shangazi aliinuka na noti ya shilingi 10, akaenda kutunza. Wasomaji wa pwani na visiwani hawahitaji kuelezwa maana ya mtu kuinuka katika ubeti fulani na si mwingine, na kupita njia fulani kuelekea kwa mwimbaji. Shangazi alipita mbele ya mama. Miezi michache nyuma mama alikuwa amefiwa na mtoto mchanga, ndugu yangu niliyemfuata mimi kwa kuzaliwa nikiwa mkubwa wake. Na miezi hiyo hiyo talaka ya shangazi ilikuwa imefika mitaani ikiwa na maneno mengi juu yake, na ikasemwa kwamba baadhi ya maneno hayo yalitoka uani kwetu. Kwa hiyo palikuwa na machozi ya kufutwa na palikuwa na jambo la kusutiwa, na wifi wawili wakarudi kutoka arusi moja kila mmoja na wimbo wake.

Shangazi aliapa kwamba alikwenda kumpoza wifi yake mbele ya watu. Mama alisema kwamba hajawahi kuaibishwa namna ile tangu azaliwe. Baba alijaribu, akashindwa, akanyamaza. Tangu siku ile hawakupikiana. Kwenye Idi sisi watoto ndio tuliokuwa tukivusha sahani, na kila sahani ilirudi na kitu juu yake kwa sababu ya adabu, lakini hapana neno lililokwenda nayo. Wimbo ulipopigwa Radio Tanzania, mama alizima redio. Nilipata kuwa kwa shangazi siku moja ulipopigwa, akaongeza sauti hadi kuta zikatikisika, akainama kusikiliza. Mama alifariki mwaka 1998. Shangazi alikuja, akakaa karibu na mlango siku zote tatu, hakuingia ndani.

Nikiwa mwalimu niliwahi kutumia f na s darasani pasipo kuwaambia wanafunzi kwa nini nimezichagua. Herufi s ni pumzi iliyobanwa kwenye meno, na nguvu yake kubwa ipo juu, tangu kiasi cha hezi 4,000 hadi 8,000. Herufi f ni pumzi iliyolegea, dhaifu, iliyotawanyika. Ukikata kila kilicho juu ya hezi 4,000, s hunyang'anywa meno yake, zikabaki pumzi mbili zinazofanana. Simu za waya zilipitisha mwisho hezi 3,400, ndiyo maana mtu akitaja jina lake kwenye simu alilazimika kusema "s ya sukari". Redio za mawimbi ya kati hazipitishi zaidi ya hezi 4,500 hivi. Kwa hiyo redio ya mama iliyozimwa na redio ya shangazi iliyoongezwa sauti hazikuwa na jibu ndani yake. Jibu halikupata kusafirishwa. Kanda nazo, nakala ya nakala, hazikuwa nalo. Laiti mtu angeliandika ubeti ule kwa zile hati za kale, ambazo haziwezi kutenga u na o, hapa zingetutosha, kwani fa na sini hata mtoto wa chuo hazimchanganyi.

Palibaki santuri yenyewe. Baba aliinunua Mombasa, na ilikuwa katika kasha lake, santuri ndogo ya mizunguko 45, karatasi ya katikati imeliwa na mende. Ilichezwa sana na gramafoni ya sanduku ya betri yenye sindano nzito, na sindano nzito huanza kuua yale yale tuyatafutayo, kwani s huchorwa kwa mikunjo midogo kabisa na mikunjo hiyo ndiyo husagika mwanzo. Lakini ukuta wa mfereji una kina. Sindano mpya, iliyochongwa nyembamba zaidi, yaweza kugusa sehemu ya ukuta ambayo ile ya zamani haikuifikia. Nilikuwa na sindano hiyo. Nilichokosa miaka yote ni chombo cha kuipokea milivolti yake bila ya kuongeza mvumo wala kupunguza ncha. Sitamdanganya msomaji kwamba nilitoa theluthi ya kiinua mgongo changu kwa ajili ya herufi moja. Nazipenda santuri zangu zote. Lakini ilikuwa ndiyo ya kwanza kuchezwa.

Nilingoja usiku, mitaa ilipotulia. Santuri ile ni ya mono, kwa hiyo niliunganisha njia ya kushoto na ya kulia kuwa moja, jambo linaloondoa sehemu ya mkwaruzo bila ya kugusa wimbo. Usoni mwa Marantz kuna kiswichi kingine kidogo cha kuchuja. Pande zake ni tatu, mmoja usiochuja, mmoja unaokata juu ya hezi 9,000, na mmoja unaokata juu ya 5,000. Nilianza na 5,000. Lo, ilikuwa safi! Mwimbaji alikuwa chumbani, gitaa lilikuwa kama limepakwa mafuta, na besi, ambayo sikuwahi kujua kwamba imo, ilitembea chini ya miguu yake. Ubeti wa tatu ukaja, neno likapita, na sikuweza kuapa ni lipi. Nikageuza hadi 9,000, nikarudia. Kisha nikaondoa kichujio kabisa. Chumba kikajaa mkwaruzo kama mvua ya rasharasha juu ya bati, na ndani ya mvua ile neno likapita na meno yake yote.

Ilikuwa s.

Hapo ndipo nilipokielewa chombo nilichokinunua. Watu hudhani chombo cha thamani ni kile kinachosafisha. Vyombo vya kusafisha ni rahisi, na simu ya mjukuu wangu inavyo vitatu. Mkwaruzo wa santuri na herufi s vinakaa chumba kimoja, hezi zile zile. Ukimfukuza mmoja umemfukuza mwenziwe. Chombo kizuri hukuletea wote wawili, kikiwatenganisha kiasi tu kwamba sikio liweze kuchagua.

Nilirudia mara saba. Asubuhi nilimwita mke wangu, nikampigia bila ya kumwambia natafuta nini, nikamwomba alitamke neno lile. Akalitamka kwa s. Nikamweleza kisa chote, ambacho kwa nusu alikuwa akikijua. Nikamwambia kwamba mama alikuwa na sikio, kwamba katika kelele za arusi, chini ya spika za mdomo wa tarumbeta, alisikia vilivyo, na kwamba shangazi, aliyepita miaka 80, yafaa ajue kabla hajafa. Mke wangu aliweka chini kikombe. "Ukimwendea na hilo, Mwalimu," akasema, "huko ndiko kusuta."

Nikanyamaza. Miezi miwili nilinyamaza. Lakini Tanga ni mji mdogo, na habari za bubu wa Maskati zilikwisha kufika Ngamiani. Siku moja ya Jumapili bajaji ya jirani yangu ilisimama mlangoni na shangazi akateremka, amejitanda kanga mbili, mjukuu wake akimshika mkono. Nilimwamkia, akaitika, akaketi katika kiti kinachotazama spika kama mtu aliyekuja ofisini na barua. Alikunywa chai. Aliuliza hali za watoto, mmoja mmoja kwa jina. Kisha akasema, "Nipigie ule wa babako." Hakuutaja jina, nami sikuuliza ni upi.

Mke wangu alinitazama. Nikaweka kichujio kwenye 5,000.

Shangazi alisikiliza kimya. Ubeti wa tatu ulipita, uso wake haukubadilika. Wimbo ulipokwisha alisema, "Mbona kama imefunikwa nguo?" Nilisahau kwamba mwanamke huyu aliishi na taarabu tangu usichana wake. Sikuwa na la kumjibu ila kunyoosha mkono na kuondoa kichujio. Mvua ikaanza kunyesha juu ya bati. Neno likapita.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena."

Baada ya mara ya tatu alikaa kitambo, mikono juu ya magoti. Mjukuu wake alikuwa nje akicheza na wetu. Kisha akasema, wala si kwa hasira, "Hiyo ni santuri, mwanangu. Siku ile aliimba mtu." Nami nafikiri ana hoja, kwani mwimbaji wa taarabu arusini si mtumwa wa santuri yake, na kwa noti ya shilingi 10 na ishara ya jicho aweza kubadili zaidi ya herufi moja. Chombo changu kina ushahidi wa kilichoimbwa studioni tu. Kilichoimbwa Ngamiani usiku ule hakikuingia katika mfereji wowote.

"Mamako alivaa kanga mpya," akaendelea. "Nilipomkaribia nilimwona analia. Sikujua analia kwa lipi." Akasita. "Neno nililisikia kama nilivyolitaka mimi, naye akalisikia kama alivyolitaka. Sasa we unaniletea la tatu."

Nilitaka kumwambia kwamba si la tatu, ni la mama. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Kisha shangazi alinyoosha kidole kuelekea uso wa Marantz, kwenye kiswichi kile kidogo, bila ya kukosea, kana kwamba alikuwa amekijua tangu utoto. "Kirudishe pale pa mwanzo." Nikakirudisha kwenye 5,000. Akasikiliza tena mara mbili, wimbo umetulia, umepakwa mafuta, kitendo cha ubeti wa tatu kikipita katikati kama mtu aliyejitanda gubigubi. Mara ya pili aliimba pamoja nao, kwa sauti ya chini, na alipofika pale alitamka neno lake. Alitamka f. Sauti yake ya uzee ilikuwa karibu nami zaidi kuliko spika, kwa hiyo ndiyo niliyoisikia.

Alirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine baada ya hapo. Hatusikilizi wimbo ule peke yake, bali humpigia na nyinginezo, na za visiwani pia, na Siti katika santuri isiyokuwa na ufa. Ana maoni makali juu ya wapiga fidla. Wimbo wa baba huomba uwe wa mwisho, na kabla sijashusha sindano hutazama kiswichi kiko upande gani.

Mwezi uliopita valvu moja ya njia ya kushoto ilianza kuchemka kama mafuta ya kukaangia, na fundi wangu akanishauri nisiiwashe mpaka tupate nyingine ya asili ile ile. Binamu amekwisha kuipata huko aliko, anangoja mtu wa kumpa. Ijumaa shangazi alimtuma mjukuu wake na sahani ya visheti, aulize kama bubu amepona. Mke wangu ameirudisha sahani na maembe juu yake, na salamu kwamba tunangoja msafiri kutoka Maskati.